Legalishu: Mchungaji aliyeswagwa pamoja na ng'ombe wake

Na Mwandishi Wetu, Jumeirah Village Circle, Dubai

Yanapotajwa maisha ya wachunga ng'ombe wa zamani, wengi wetu hukumbuka filamu za Kimarekani tulizoziona utotoni: mwanamume mwenye kofia pana, farasi, vumbi, na kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka mto. Kwa hakika maisha ya watu wale hayakuwa ya raha kama filamu zinavyoonyesha. Kuanzia mwaka 1867 hadi katikati ya miaka ya 1880, vijana wa Texas waliswaga mamilioni ya ng'ombe kuelekea vituo vya reli vya Kansas. Watu kumi au kumi na wawili walikabidhiwa kundi la ng'ombe elfu mbili na zaidi, wakatembea nao kilomita 16 hadi 24 kwa siku kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kwa ujira wa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Walilala usingizi wa mang'amung'amu na walizama mitoni. Baadhi yao walikuwa weusi, watu waliozaliwa utumwani au watoto wa watumwa, ingawa filamu zimewasahau.

Hata hivyo, Afrika Mashariki nayo ilikuwa na safari yake kubwa ya ng'ombe, na kwa ukubwa haikuwa ndogo hata kidogo mbele ya zile za Texas. Safari hiyo ilifanyika Kenya kati ya mwaka 1911 na 1913, kutoka nyanda za Laikipia kuelekea kusini, kupitia milima ya Mau, hadi maeneo ya Narok na Mara. Hakuna aliyelipwa ujira. Ng'ombe hawakuwa wakipelekwa sokoni. Na waliokuwa nyuma ya msafara hawakuwa wanunuzi, bali askari wenye bunduki.

Makala yetu ya leo inamhusu mtu aliyejaribu kuizuia safari hiyo, akashindwa, akaifuata mahakamani, akashindwa tena, lakini jina lake likabaki. Huyu ni Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika kwenye nyaraka zao kwa jina la Legalishu.

KIJANA WA WAKATI WA MAAFA

Ole Gilisho alikuwa Mpurko, yaani mtu wa Purko, kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Wamaasai wa Kenya. Alikua katika kipindi ambacho Wamaasai wenyewe hukiita kwa jina linalomaanisha kuangamia, yaani Emutai. Kwanza ulikuja ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaja sotoka iliyoua karibu ng'ombe wote kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara. Ikafuatia ndui na njaa. Juu ya yote hayo, baada ya kufariki laibon mkuu Mbatiany, watoto wake wawili, Lenana na Sendeyo, waligombania urithi na Wamaasai wakapigana wao kwa wao.

Msomaji anaweza kujiuliza: haya yana uhusiano gani na safari ya ng'ombe? Uhusiano ni mkubwa. Kijana aliyeona maboma yamekuwa matupu, na watu wenye heshima zao wakienda kuomba chakula kwa majirani wakulima, hujifunza kwamba ng'ombe si mali tu. Ng'ombe ni chakula cha kesho, ni mahari, ni undugu, ni sauti ya mtu mbele ya wenzake. Kundi lililokufa huchukua miaka mingi kurudi, na humrudia yule tu anayejua pa kulilisha. Kizazi cha Ole Gilisho ndicho kilichokusanya mabaki, kikaanza upya, na kikafanikiwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, makundi ya Wapurko yalikuwa yameanza kujaa tena katika Bonde la Ufa, kandokando ya Naivasha na Nakuru.

Katika kazi hiyo ya kuanza upya ndipo Ole Gilisho alipopata jina. Alichaguliwa kuwa laigwanan wa rika lake. Wageni walitafsiri cheo hicho kuwa uchifu, lakini tafsiri hiyo si sahihi. Laigwanan hatoi amri kama mfalme. Yeye ni msemaji: husikiliza wenzake, hukusanya maoni yao, kisha huyatamka mbele ya watu. Akitamka lisilokubaliwa na rika, hakuna wa kumfuata. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu ndilo lililowakanganya maofisa wa Kiingereza miaka yote waliyoshughulika naye. Wao walitaka mtu mmoja atakayesema ndiyo kwa niaba ya wote.

DOLE GUMBA LA 1904

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na serikali ya Uingereza ilitaka reli hiyo ijilipe. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuleta walowezi wa Kizungu. Ardhi waliyoitamani zaidi ilikuwa Bonde la Ufa, ambako reli ilipita na majani yalikuwa mazuri, na ambako ndiko makundi ya Wamaasai yalikolisha. Lord Delamere, aliyekuja kuwa kiongozi wa walowezi, alipewa eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Kondoo wake wa kigeni waliangamia, kwani hakuijua nchi ile wala majani yake. Baadaye alijifunza lugha ya Kimaasai na akawategemea wachungaji wa Kimaasai katika mashamba yake.

Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart aliwaita viongozi wa Kimaasai watie saini mkataba. Lenana alikuwapo kama mkubwa wao machoni pa Waingereza, na Legalishu naye alitia alama yake. Kwa mkataba huo Wamaasai walikubali kuondoka Bonde la Ufa na kugawanywa sehemu mbili: wengine kusini, upande wa Ngong na Kajiado, na wengine, wakiwemo Wapurko, kaskazini huko Laikipia. Waliahidiwa barabara ya mifugo yenye upana wa nusu maili kuunganisha sehemu hizo mbili, na kipande cha ardhi huko Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za jando. Zaidi ya yote waliahidiwa kwamba ardhi hiyo ingekuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani.

Wapurko wakakusanya mifugo yao, wakapanda Laikipia. Ilikuwa hasara, lakini hasara yenye mpaka. Laikipia ni nchi ya baridi ya kadiri, yenye maji na majani matamu, na wakati ule magonjwa ya kupe na ya mbung'o hayakuwa tishio kubwa kama mahali pengine. Ng'ombe wakaongezeka, kondoo wakaongezeka zaidi. Ile barabara ya nusu maili haikutekelezwa kama ilivyoahidiwa, kwa kuwa walowezi hawakutaka mifugo ya Waafrika ipite karibu na yao. Ndugu wa kaskazini na wa kusini wakatenganishwa.

GAVANA MWENYE HARAKA

Mwaka 1909 alifika gavana mpya, Sir Percy Girouard, Mkanada aliyejipatia sifa kwa kujenga reli huko Sudan na Nigeria. Aliikuta Laikipia nzuri, akawakuta walowezi wanaitaka. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa kwamba Wamaasai wataunganishwa tena sehemu moja, kusini, chini ya kiongozi mmoja. Ni hoja iliyosikika vizuri, hasa London. Lakini waliotenganishwa na barabara ambayo serikali yenyewe haikuitoa, sasa waliambiwa dawa ya utengano ni wao kuiacha nchi nzuri na kwenda katika mbaya.

Mapema mwaka 1910 swali likawekwa mbele ya wasemaji wa kaskazini, na Legalishu akapinga. Baadhi ya makundi yalikuwa yameanza kusogea, lakini waziri wa makoloni, Lord Crewe, akaamuru yasimamishwe, na mifugo ikarudi. Legalishu aliitazama nchi ya kusini kwa jicho la mchungaji, na jicho la mchungaji halidanganyiki kwa ramani. Anauliza maji yako wapi mwezi wa Februari. Anauliza kama pana magadi, kama pana kupe, kama mbung'o wako kichakani, na kama ndama atapata kivuli. Kwa maswali hayo kusini hakukutosha kwa mifugo waliyokuwa nayo Wapurko.

Machi 1911 Lenana akafariki. Serikali ikatangaza kwamba neno lake la mwisho lilikuwa kuwataka Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Aprili mwaka huohuo mkataba wa pili ukatiwa alama za dole gumba, na dole la Legalishu likawemo. Ole Gilisho hakubadili mawazo. Ushahidi uliobaki unaonyesha mtu aliyewekwa mahali ambapo kukataa kulikuwa uasi, na ambaye watu wake walikuwa na mikuki mbele ya serikali yenye bunduki. Miaka michache nyuma, majirani zao Wanandi walikuwa wamevunjwa nguvu kwa vita, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905. Ole Gilisho hakuwa na haja ya kuelezwa maana yake.

KATIKA MILIMA YA MAU

Safari ilianza Juni 1911. Makundi yaligawanywa katika njia nne, na zote zililazimika kushughulika na kizuizi kimoja: milima ya Mau, ambayo vilele vyake hufikia karibu mita 3,000. Juu huko ni msitu na mianzi, ukungu na mvua. Kwa ng'ombe hakuna malisho ya maana chini ya miti. Kwa kondoo, ambao ndio walikuwa wengi kuliko wote, baridi ya mvua ni kifo.

Hapa ndipo inapofaa kuelewa kazi yenyewe ya kuswaga mifugo ilivyo, kwa sababu ugumu wake hauonekani na mtu wa ofisini. Kundi haliendi kwa kasi ya mwenye nguvu, huenda kwa kasi ya ndama mchanga na kondoo mwenye mimba. Ukiliharakisha, jike hutoa mimba, kwato huchubuka, na maziwa hukauka. Maziwa yakikauka, watoto wa binadamu hawali, kwani mfugaji wa wakati ule hakubeba unga wa safari: chakula chake kilitembea mbele yake. Kundi la mbele hula majani na kuchafua maji, la pili hukuta mabaki, la tatu hukuta tope. Kwa hiyo mchungaji mzoefu huacha nafasi ya siku kadhaa kati ya kundi na kundi, hutuma vijana kutazama mbele, na akiona mbingu imebadilika hukaa palepale alipo hata wiki tatu. Elimu yote ya mchungaji iko katika mambo mawili: kujua lini aondoke, na kujua lini asimame.

Elimu hiyo ndiyo iliyonyang'anywa mwaka 1911. Tarehe ziliamuliwa na maofisa. Njia ziliamuliwa na maofisa. Makundi yakasongamana penye vivuko na kwenye mapito ya msituni, ya nyuma yakizibwa na ya mbele. Mvua zikanyesha. Wanawake, ambao katika uhamaji wa Kimaasai ndio hubomoa na kujenga nyumba, walisafiri na punda waliobeba ngozi, vibuyu na watoto, wakilala pasipo makao ya maana. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria Lotte Hughes, ambaye kitabu chake juu ya uhamisho huu kilitoka mwaka 2006, yanazungumzia baridi, njaa, maradhi, na watu waliozikwa au kuachwa njiani.

Hali ilipokuwa mbaya mno, makundi ya Legalishu yalikataa kuendelea na kugeuka kurudi nyuma, na serikali ikalazimika kuusimamisha uhamisho Agosti 1911. Kwa muda, mchungaji alikuwa ameshinda hoja yake kwa kusimama tu. Lakini mwaka 1912 amri ilitolewa upya, na katika miezi ya kwanza ya 1913 watu wa mwisho wakaondolewa Laikipia. Hughes anakadiria kuwa waliohamishwa walizidi watu 20,000, na mifugo yao, kondoo wakiwa wengi zaidi, haikupungua milioni mbili na nusu. Hesabu za maofisa wa wakati ule zilikuwa ndogo zaidi. Hata kwa hizo ndogo, Afrika Mashariki haikuwahi kuona msafara wa mifugo kama ule.

Girouard mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alijiuzulu mwaka 1912, baada ya kubainika kuwa baadhi ya walowezi walikuwa wameshaahidiwa ardhi za Laikipia ilhali London ilikuwa imehakikishiwa vinginevyo.

KUTOKA MAU HADI MAHAKAMANI

Jambo linalomtofautisha Ole Gilisho na viongozi wengi wa zama zake ni hatua aliyoichukua baadaye. Hakuchukua mkuki, na hakunyamaza. Alitafuta wakili.

Katika nchi ambayo hapakuwa na Mmaasai yeyote aliyesoma sheria, hilo halikuwa jambo dogo. Wazungu wachache waliochukizwa na uhamisho walisaidia kwa siri au kwa dhahiri. Maarufu kati yao ni daktari Norman Leys, mtumishi wa serikali, ambaye aliandika barua nyingi Uingereza kufichua yaliyokuwa yakitendeka, na ambaye malipo yake yalikuwa kuhamishiwa Nyasaland, Malawi ya leo. Wakili Alexander Morrison wa Nairobi akaishika kesi. Fedha zilipaswa kutoka kwenye mifugo, na Wapurko walikuwa tayari kuuza.

Kesi ilifunguliwa mwaka 1912. Katika vitabu vya sheria inaitwa kesi ya Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Jina la kwanza kwenye hati si la Legalishu, lakini nguvu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa yake, na serikali ilijua hivyo, ndiyo maana alikabiliwa na vitisho. Madai yao yalikuwa ya wazi: kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai, kwamba ule wa 1911 haukuwafunga wote kwa kuwa waliotia dole hawakuwa na mamlaka ya kuitoa ardhi ya watu wote, na kwamba mifugo iliyokufa njiani ilikuwa na wenyewe waliostahili fidia.

Mahakama Kuu iliikataa kesi Mei 1913, mjini Mombasa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaikataa Desemba mwaka huohuo. Sababu iliyotolewa inafaa kuangaliwa kwa makini. Majaji walisema kwamba nchi ile ilikuwa himaya, si koloni kamili, hivyo Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza bali watu wa nje waliofunga mikataba na Mfalme kama taifa na taifa. Mikataba ya namna hiyo ni mambo ya dola, na mahakama haina uwezo wa kuyaingilia. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa kuwa na mamlaka ya kutosha kuitoa ardhi yao, ila hawakuwa na haki ya kutosha kuidai.

Ruhusa ya kwenda Baraza la Mfalme huko London ilikuwepo, lakini haikutumika. Fedha hazikupatikana. Hifadhi mpya ya Wamaasai iliwekewa karantini mara kwa mara kwa sababu ya magonjwa, na mfugaji mwenye ng'ombe mia tano asiyeruhusiwa kuuza hata mmoja ni maskini mbele ya karani wa mahakama.

Tena ziangalieni tarehe, ndugu wasomaji. Uhamisho ulikwisha katika miezi ya kwanza ya 1913. Hukumu ya kwanza ilitoka Mei. Majaji walipokuwa wakifungua majalada yao, Laikipia ilikuwa tupu. Hata kama wangeamua kinyume, nani angewaswaga kondoo wale kurudi juu ya Mau kwa mara nyingine?

NCHI YA KUPE NA MBUNG'O

Aliyoyahofia Ole Gilisho yalitokea. Upande wa Narok na Mara kuna sehemu nzuri, lakini kuna pia vichaka vyenye mbung'o waletao nagana, na kupe waletao ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe ambaye hakuuzoea tangu ndama. Mifugo ya Laikipia ilikuwa haijazoea. Ikafa kwa wingi. Watu nao, waliokuwa wamezoea nyanda za juu, waliugua malaria. Wazee waliokuja kuhojiwa miongo mingi baadaye waliigawa dunia katika sehemu mbili: ile ya utamu kaskazini, na ile ya maradhi kusini.

Ole Gilisho aliishi huko na watu wake. Aliona Vita Kuu ya Kwanza ikija na kuondoka, na baada ya vita akaona Laikipia ikigawiwa askari wa Kiingereza waliostaafu, kwa mpango wa mwaka 1919. Aliona vurugu za mwaka 1918, wakati morani wa Narok walipopinga kuandikishwa jeshini na damu ikamwagika. Tume ya Ardhi, iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ilipoketi kuanzia mwaka 1932, wazee wa Kimaasai walipeleka tena madai yao. Ripoti ya 1934 haikuwarudishia Laikipia. Ole Gilisho alifariki mwaka 1939, akiwa ameishi zaidi ya robo karne katika nchi ambayo hakuichagua.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mwandishi wa makala hii anaishi Jumeirah Village Circle, mtaa uliopangwa kwa duara pembezoni mwa jiji la Dubai, ambako korongo za ujenzi hazipumziki. Katika maduka ya nyama ya mji huu huuzwa nyama ya mbuzi na kondoo iliyosafirishwa kwa ndege kutoka Kenya. Mnyama aliyekuzwa kwa kutembea nyuma ya mvua hufika mezani mwa mtu wa ghorofani katika muda usiozidi siku chache. Milangoni mwa majengo hayo utawakuta vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wakilinda usiku. Kila mmoja ana sababu yake ya kuwa hapa, na wengi watakuambia kwamba waliamua wenyewe. Ukiendelea kumsikiliza mtu, mwandishi huyu akiwa mmoja wao, utagundua kwamba neno kuamua lina ngazi nyingi. Kuna anayeondoka kwa sababu ameona majani mazuri mbele, na kuna anayeondoka kwa sababu nyuma yake hapakaliki. Kwa mbali wote wanaonekana wasafiri.

Hapo ndipo maisha ya Ole Gilisho yanapopata uzito wake. Mara nyingi hadithi yake husimuliwa kama hadithi ya ardhi, na ni kweli ilikuwa ya ardhi. Lakini Wamaasai hawakuwa watu wa kukaa mahali pamoja. Kuhama kulikuwa kazi yao, na ugumu wa kuhama waliuzoea tangu utoto. Ndiyo maana watetezi wa serikali waliweza kuuliza kwa nini watu wanaohama kila mwaka walalamike kwa kuhamishwa mara moja. Jibu liko Mau. Baridi ilikuwepo siku zote, na mvua ilikuwepo siku zote. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu aliyejua lini asimame hakuruhusiwa kusimama. Yule kijana wa Texas aliteseka kwa ng'ombe wa tajiri, lakini mwisho wa safari alilipwa na kwenda zake. Mpurko aliteseka kwa ng'ombe wake mwenyewe, kuelekea mahali palipochaguliwa na mwingine, na mwisho wa safari ndipo hasara ilipoanza.

Mambo haya hayakuishia mwaka 1913. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamaasai wa Tanganyika waliondolewa Serengeti ili iwe hifadhi ya wanyama peke yake, wakaahidiwa Ngorongoro. Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai wa Kenya waliandamana Nairobi na wengine wakaingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia. Polisi walitumia nguvu, na mzee mmoja aliuawa kwa risasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Na tangu mwaka 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, jambo ambalo serikali ya Tanzania inasema ni la hiari na ambalo wengi miongoni mwa wakazi na watetezi wao wanalipinga.

Hatuwezi kusema Ole Gilisho angeyahukumu vipi mambo ya leo. Tunachojua ni maswali aliyoyauliza: maji yako wapi wakati wa kiangazi, kuna ugonjwa gani kichakani, na nani aliyewauliza watu wote kabla ya dole gumba kuwekwa kwenye karatasi. Ni maswali ya mchungaji wa kawaida. Aliyauliza mwaka 1910 kwa lugha iliyoeleweka, wakati mifugo bado ilikuwa Laikipia, na kila mmoja angeweza kuyajibu kabla ya mnyama wa kwanza kuinuliwa.